Picha ya babu askari: angalia kofia kwanza, sura baadaye

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Isevya, mtaa wa hapa Tabora, alikuja kwangu na picha kaifunga kwenye khanga, akaniambia, "Mwanangu, huyu babu yangu, alikuwa askari wa Mjerumani, alipigana na Wabelgiji hapa hapa Tabora." Nikaipokea kwa mikono miwili, nikageuza nyuma kwanza, sura hata sijaiangalia. Halafu nikatazama kofia. Kofia ya pama, ukingo mpana. Nikamwambia, mama, samahani, huyu sio wa Mjerumani, huyu ni keya, askari wa Mwingereza.

Hakufurahi, na mi namuelewa. Nakusanya picha za askari za zamani mwaka wa kumi na mbili huu, na kitu ninachokiona kila mara ni kwamba familia inakumbuka vita lakini inasahau ni vita ipi. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Askari wa Mjerumani wa wakati huo alivaa tarbushi iliyovalishwa kitambaa cha kaki na beji ya tai mbele, na nyuma mara nyingi kitambaa kinaning'inia kuzuia jua shingoni. Pama ni ya keya wa vita ya pili, wale wa King's African Rifles waliopelekwa Abisinia (Ethiopia), Madagaska na Burma (Myanmar ya leo). Sasa babu kwenye picha ana miaka kama ishirini na mitano, piga hesabu mwenyewe, 1916 alikuwa mtoto kama alikuwa keshazaliwa.

Na Burma wala sio mbali na Tabora kama unavyodhani. Ile kambi ya jeshi iliyoasi hapa Januari 1964, siku moja baada ya wanajeshi wa Dar kuasi, ilikuwa inaitwa Kalewa, na Kalewa ni mji wa Burma ambao divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliuteka Desemba 1944. Watu walipita pale getini miaka na miaka wakidhani ni jina la Kinyamwezi.

Turudi kwenye picha. Rangi zinadanganya, tena sana. Filamu nyingi za zamani zilikuwa hazioni nyekundu, kwa hiyo kitu chekundu kinatoka cheusi, na bluu inatoka nyeupe nyeupe. Ndo maana utaona muuzaji mtandaoni kaandika "askari mwenye kofia nyeusi" kumbe ni tarbushi nyekundu kabisa ya askari wa Kongo ya Wabelgiji. Utepe wa nishani ya Burma nao una mstari mpana mwekundu katikati na bluu pembeni, kwenye picha unakuta katikati giza na pembeni kumepauka, ukisoma kwa haraka unaupa jina la nishani nyingine kabisa. Begani tumia lenzi, herufi za chuma za jina la kikosi zinasomeka: wengi waliotoka huku hawakuwa wa bunduki, walikuwa madereva na wabebaji wa dawa, na akina babu walikuwa hawasemi hilo kwa sauti kubwa.

Za kugushi zipo? Zipo, ila nyingi sio za kugushi, ni nakala tu za kitabuni au za kadi za posta. Weka lenzi: picha halisi rangi yake inateleza taratibu kutoka nyeupe kwenda nyeusi, iliyochapwa kwa wino unaona vidoto vidoto. Picha za Walther Dobbertin, yule Mjerumani aliyepiga sana huku kabla na wakati wa vita ya kwanza, zimenakiliwa mpaka basi, mtu anakuletea anakwambia ni ya ukoo wao. Kingine, ile taa ya kukagulia noti bandia waliyonayo mawakala, zima taa za chumbani uimulike karatasi, ikiwaka bluu kali basi karatasi yenyewe ni ya kuanzia miaka ya 1950 hivi, haiwezi kuwa ya 1916 hata uape. Ikiwa kimya haijathibitisha kitu, endelea kuchunguza.

Ukiona kingo zinang'aa kama bati, usifute! Ni fedha iliyomo ndani ya picha imepanda juu kwa unyevu na miaka, kwangu hiyo ni dalili nzuri, ni ngumu kuigiza. Imegandia kioo cha fremu? Iache, ipige picha hivyo hivyo kupitia kioo. Gundi ya selotepu hapana. Na jamani laminesheni, naomba niseme polepole, ule moto na ile plastiki havirudi nyuma tena, ukishapitisha umeipika. Bahasha ya karatasi, ndani ya sanduku, juu ya kabati mbali na mchwa, basi. (Mnaonipigia simu mna rupia za dhahabu zile za tembo zilizotengenezwa hapa kwenye karakana ya reli 1916, mi sinunui sarafu, na nyingi mnazonionyesha ni feki.)

Halafu jina. Kwangu picha chafu yenye jina naipa bei mara tatu ya picha safi isiyo na jina. Nguo zinaniambia jeshi na miaka, ila jina na kijiji hakuna lenzi inayoona, hayo yako kwa mama wa Isevya tu. Aliponitajia niliandika kwa penseli laini pembeni nyuma, jina, kijiji, na nani kasema, maana kalamu ya wino inabonyea mpaka usoni.

Kuuza akakataa, nikaiskani nikamrudishia. Akaifunga tena kwenye khanga, bahasha ndani safari hii, akafika mlangoni akageuka: kuna nyingine, ya huyo huyo babu na wenzie wanne wamesimama na lori, iko kwa mdogo wake yeye mama, Urambo. Mdogo wake anaitunza vizuri sana, akasema, kaishailaminisha.

Nikamwambia ailete hivyo hivyo.