Magoti, Maji na Hilo Jina la Baridi Yabisi

Wiki iliyopita, kila nilipomshauri mwenye maumivu ya magoti akafanye mazoezi majini, nimeambiwa, tena mara nne: "Mwanangu, na baridi hii ya magoti unanipeleka baharini? Unataka kunimaliza?" Mara ya nne msemaji alikuwa mzee aliyevua samaki miaka thelathini. Nikaona niandike.

Jina ndilo linalotuponza. Kila kiungo kikiuma tunasema baridi yabisi, jina lililotoka kwenye tiba ya kale ya pwani, iliyopanga maradhi kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Tiba ile wengi wameiacha, jina limebaki, na mgonjwa analichukua kama ndiyo sababu ya ugonjwa. Goti la bibi wa miaka sabini kwa kawaida halikuingiwa na baridi. Gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika na mfupa ulio chini yake umebadilika, kwa umri, uzito, kurithi, jeraha la zamani, au miaka ya kuchuchumaa na kubeba mizigo. Asubuhi za baridi goti hukaza zaidi, sibishi. Kukaza si kuharibika.

Tena baridi ipi? Bahari yetu hapa Tanga, hata wakati wa kusi, huwa kama nyuzi 25, na kaskazi hukaribia 30. Mabwawa ya tiba huwekwa kama 33, kwa hiyo baharini usisimame ukipiga soga, tembea. Kinachokutetemesha ni upepo ukishatoka umelowa. Taulo na nguo kavu zikusubiri mchangani, basi.

Sasa angalia unachokosa. Maji yakikufika kiunoni, miguu hubeba kama nusu ya uzito wako. Yakikufika kifuani, kama theluthi tu. Mama wa kilo 90 anatembeza magoti yanayobeba kilo thelathini hivi. Hapo ndipo anapoweza kukunja, kunyoosha, kwenda kinyumenyume, mambo ambayo nchi kavu yanamtoa machozi. Na kadiri unavyousukuma mguu kwa kasi ndivyo maji yanavyokuzuia, kwa hiyo msuli wa mbele wa paja unafanya kazi kwelikweli. Anza na dakika kumi, upande polepole hadi nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio 13 ya mazoezi ya majini kwa wenye magoti na nyonga zilizolika, yaliona nafuu ndogo ya maumivu na ya kujimudu, ya muda mfupi. Ndogo, ndiyo. Ila kwa anayeshindwa kuinuka kwenye mkeka wa kuswalia, hiyo ndogo anaijua thamani yake.

"Sijui kuogelea." Nani kakuambia uogelee? Maji ya kifua, miguu chini, na mtu wa kukushika mkono. Peke yako hapana, hata kama ulizaliwa ndani ya ngalawa.

"Chumvi inavuta ugonjwa." Haivuti kitu. Ukikaa majini kama papa mkavu aliyerowekwa, utatoka kama ulivyoingia.

"Ute wa goti umeisha, nakunywa maji ya bamia." Bamia ni mboga nzuri, inakwenda tumboni kama mboga nyingine.

"Nikienda majini, mazoezi ya nyumbani basi." La. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni, kunabaki palepale.

Wenye kidonda kibichi, kifafa au moyo usiotulia waanzie kwa daktari. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Na dera, mama zangu, liacheni nyumbani. Likilowa linazunguka miguu na kukuangusha. Vaa taiti na fulana ndefu ya mikono, viatu vya plastiki kwa ajili ya miba, na uulize wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Pale ufukweni Raskazone, hapahapa Tanga, maji yakipwa mtatembea matopeni tu.