Maswali na majibu: sonona (depression), na ile konseto ya Rachmaninoff

Huo mziki ni upi?

Konseto ya pili ya piano, yaani piano ikipigwa pamoja na okestra, ya mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff, inachukua nusu saa na dakika kadhaa hivi. Hauna neno hata moja. Mwanzo piano iko peke yake, inagonga mara nane, ya kwanza huisikii vizuri, inayofuata imeongezeka kidogo, hivo hivo mpaka inakuwa kama kengele kubwa ya kanisa inakusogelea, alafu ndo vayolini zinaingia.

Inahusianaje na ugonjwa?

1897 simfoni yake ya kwanza, mziki mrefu wa okestra nzima, ilipigwa St. Petersburg ikaharibika vibaya, mtunzi mwenzie César Cui akaiandika gazetini akaifananisha na yale mapigo ya Misri. Rachmaninoff ana miaka 23. Akazima kabisa, karibu miaka mitatu hakutunga kitu kikubwa. Mwanzoni mwa 1900 ndugu wakampeleka kwa daktari Nikolai Dahl, Moscow, akawa anaenda kila siku kwa miezi kama mitatu, daktari anamtuliza kwa hipnosi, ile ya kumlegeza mtu kwa maneno mpaka anakuwa kama nusu usingizini, anaongea nae, anamwambia utaandika tena. Akaandika hii. 1901 akaipiga mwenyewe Moscow, na akamtunukia Dahl. Mi hapo ndo machozi yananitoka, mtu anamshukuru daktari wake mbele ya watu wote, enzi hizo, na sie leo kliniki tunaingilia mlango wa nyuma.

Nitajuaje ni sonona sio huzuni tu?

Huzuni inakupa nafasi ya kucheka katikati. Sonona inakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, raha hamna hata kwa vitu ulivyovipenda, usingizi unakata saa tisa usiku au unalala mpaka basi, chakula hakipiti, unajiona huna maana. Kwangu ilikuwa ndoo ya maji. Nimechota asubuhi nioge, ipo hapo mlangoni, nimekaa kitandani naiangalia mpaka adhana ya magharibi, na sio uvivu jamani, mwili uligoma. Nyumbani wengine wakasema nimelogwa wengine nadeka.

Kwa hiyo mziki ulikuponya?

Hapana, na ye pia haukumponya, alitibiwa kwanza ndo mziki ukaja. Mi nilikuwa nishaanza dawa na kuongea na mshauri, siku moja nimeweka earphone zile kengele zikaanza nikasema huyu anaijua ile ndoo. Mziki ukiongezwa juu ya matibabu unaweza kupunguza dalili. Ila kama unarudia wimbo uleule wa majonzi na kila ukiisha uko chini zaidi, zima, nenda kaa na watu.

Dawa zitanifanya zezeta?

Hapana. Siku za mwanzo kichefuchefu au kichwa kuuma vinaweza kuwepo, na nafuu inachukua wiki mbili mpaka nne hivi kuonekana, wengi wanaacha hapo hapo kabla haijafika. Ukipata nafuu usikate ghafla, daktari ndo anapunguza taratibu. Ukiona dozi inakulevya sana mwambie, inabadilishwa.

Na mawazo ya kujiua yakija?

Usingoje kesho wala miadi yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno hayo hayo, "nawaza kujiua", usizungushe, usibaki peke yako, vidonge na sumu ya panya akae navyo mwingine, akupeleke hospitali yoyote iliyo karibu, hata usiku. Na wewe unaeambiwa, usimhubirie. Vaa viatu muende.