Maandamano Hayaombewi Kibali

Juzi vijana watatu waliingia ofisini mwangu na barua yenye kichwa cha herufi kubwa: "YAH: OMBI LA KIBALI CHA MAANDAMANO". Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa amewarudishia akisema ombi limekataliwa. Nimechoka kulisikia neno hilo kibali, kwa sababu Kenya iliondoa leseni ya mikutano ya hadhara na maandamano mwaka 1997, ilipoirekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, na mahali pake ikaweka notisi.

Masharti yenyewe, katika kifungu cha 5, si mazito: notisi imfikie mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, itaje mwandalizi na anwani yake, tarehe, saa, mahali au njia, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Anayeomba amekwisha kubali kwamba anaweza kunyimwa, ilhali anayetoa notisi anaarifu tu, na afisa anayeipokea hana mamlaka ya kuikataa eti hapendi madai yaliyomo. Anachoweza kumjibu ni kwamba mwingine ametangulia kuleta notisi ya mahali pale pale na saa ile ile. Kuzuia kwa ajili ya usalama kunahitaji hatari ya wazi, iliyopo au inayokaribia, ya kuvunjika kwa amani, na Ibara ya 24 ya Katiba inamtwika anayeibana haki mzigo wa kuonyesha sababu. "Tumepata habari" hakutoshi.

Linalonisumbua mimi ni kwamba kifungu hicho hicho kinamruhusu inspekta kusimamisha maandamano yasiyo na notisi hata yakiwa ya amani, ilhali Ibara ya 37 ya Katiba, inayolinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, haitaji neno notisi popote. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla namba 37 ya mwaka 2020, inasema kukosa notisi pekee si sababu ya kuwatawanya watu. Naegemea huko, lakini siwezi kumwahidi mteja kwamba hakimu naye ataegemea huko.

Nilikata neno "ombi" kwa kalamu, nikaandika "notisi", nikawaambia vijana wapeleke nakala mbili na wasiondoke kaunta kabla nakala yao haijagongwa muhuri wenye tarehe.