Kwa nini kuzumburu huanika tumbo juani asubuhi za kipupwe, na ndege wa uani uwawekee nini?

Pita Mafinga au Njombe, kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limevuka vilele vya mipaini. Kwenye ua wa michongoma utakuta ndege wa kijivu wenye vishungi na mikia mirefu wamening'inia, miguu wameitanua, tumbo wamelielekeza juani. Hao ni kuzumburu. Wengi hudhani wanakausha umande tu. Kumbe wanalipasha tumbo moto ili lianze kazi.

Kuzumburu hula majani, machipukizi na matunda, chakula ambacho kwa sehemu kubwa kina nguvu kidogo na husagika polepole. Usiku wa baridi hulala wameshikamana kama kichala cha ndizi, na wakiwa na njaa huliacha joto la mwili lishuke ili akiba isiishe kabla ya kukucha. Asubuhi wanaamka wamepoa, na chakula kilicho tumboni hakisagiki vizuri mpaka joto lirudi. Joto la jua ni la bure. Bila hilo wangelazimika kuchoma mafuta yao wenyewe.

Ndege wengine wadogo wana shida hiyohiyo ila wanaitatua kwa njia nyingine. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 au zaidi kidogo, na mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Chiriku hufurisha manyoya yake ili yanase hewa, kisha usiku kucha huchoma kile alichokula mchana. Ndiyo maana pilikapilika uani huwa nyingi saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni mpaka giza likaribie. Ukitaka kuwatazama, kaa tayari saa hizo.

Ulaya na Marekani ya Kaskazini hesabu hii ni ya kufa na kupona. London mwezi Desemba mchana una karibu saa 8 tu, na theluji ikifunika ardhi mbegu hazionekani kabisa. Ndege mdogo wa huko anaweza kuamka amepungua sehemu moja ya kumi ya uzito aliolala nao. Kwa hiyo kuwawekea chakula bustanini majira ya baridi ni desturi ya nyumba nyingi, na Uingereza tangu 1979 wananchi huhesabu ndege wa bustani zao kila Januari.

Kwetu mambo ni tofauti, na hapa ndipo ushauri wa kigeni unapopotosha. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Hata Juni mchana huwa na urefu wa saa 11 na nusu hivi. Baridi ipo, na Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, sakitu, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, hulala juu ya nyasi, lakini ndege ana muda wa kula akashiba. Isitoshe, Juni na Julai ni mavuno. Punje za mahindi, ulezi na alizeti zimedondoka kila mahali. Mla mbegu, katika mwezi wenye baridi kali kuliko yote, ghala lake limejaa.

Njaa yake huja baadaye. Septemba na Oktoba nyasi zimechomwa na punje zimeokotwa zikaisha. Kisha mvua za kwanza za Novemba au Desemba zinaotesha mbegu chache zilizobaki, na nyasi mpya bado hazijazaa. Mche si punje. Chiriku hawezi kuula kama alivyokula mbegu yake. Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia kweli walao mbegu aongeze chakula kuanzia Oktoba mpaka nyasi zitoe masuke. Wengi huacha Septemba kwa sababu baridi imekwisha, na hilo ni kosa.

Wanaobanwa kipupwe ni walao wadudu na wanyonya maua. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, msaidie kwa kupanda mshubiri karibu na dirisha. Aina nyingi huchanua miezi hiihii ya ukavu, na ua lina maji, sukari na vidudu pamoja. Ukiamua kutumia maji ya sukari, pima sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji yaliyochemshwa, yaache yapoe. Usitie asali, kwa kuwa huchacha na kuotesha kuvu. Usitie rangi. Chozi hupenda kutua anapokunywa, basi funga kijiti mbele ya tundu. Badilisha maji hayo kila siku jua likiwa kali.

Maji ya kawaida ndiyo msaada mkubwa kuliko yote wakati wa kiangazi, nayo hayana gharama. Tumia sahani ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, ndani yake weka jiwe la kukanyagia. Ndoo au beseni refu huwazamisha. Makete asubuhi ukikuta utando wa barafu, mimina maji ya uvuguvugu, usitie chumvi.

Kwa mbegu, ubao wa sentimita 30 kwa 40 unatosha. Piga kingo za sentimita 3 pembeni, toboa matundu manne kwenye pembe ili maji yatoke, kisha uusimamishe juu ya nguzo ya mita 1.5 au zaidi. Chini ya ubao zungushia nguzo bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Bila hilo panya watapanda usiku. Weka nguzo mita 2 hadi 3 kutoka kichakani. Ikikaribia zaidi, paka hujificha humo. Ikiwa mbali sana, ndege hawana pa kukimbilia kipanga anapopita. Kuhusu dirisha, ama iwe chini ya mita 1 kutoka kioo ama mbali kabisa, kwa sababu ndege akishtuka akiwa mita 4 au 5 hufika kwenye kioo na kasi ya kumuua.

Anza na vijiko viwili vya ulezi au chenga za mchele, na konzi ya alizeti. Kipande cha ndizi mbivu au papai kitawaleta shorewanda na kuzumburu. Kiwe chakula cha kuisha kabla ya saa 6 mchana. Kinachobaki mpaka usiku ni cha panya. Tukuyu na Rungwe, ambako ukungu hauishi, weka nusu ya hapo, maana mbegu huota kuvu ndani ya siku moja au mbili.

Kuna punje zisizofaa kabisa. Masalia ya mbegu za dukani zilizopakwa rangi yametiwa dawa, nayo ni sumu. Karanga au mahindi yaliyovunda yana sumukuvu. Usiseme ni ya ndege tu. Mabaki ya chipsi yana chumvi nyingi mno kwa kiumbe cha gramu 15.

Usishangae usipowaona mnana wa manjano au fumbwe wa mkia mrefu. Madume mengi ya jamii hizi hupukutisha mavazi ya uchumba wakati wa ukavu, yakafanana na majike: kahawia yenye michirizi. Tazama umbo la mdomo kuliko rangi.

Kuku wasifike chini ya ubao. Njiwa na tetere wanaweza kubeba kideri, na kuku wako wawe wamechanjwa kila miezi mitatu. Ubao wenyewe ni hatari usiposafishwa: Uingereza, kuanzia 2005, vimelea vya koo vilivyosambaa kwenye vyombo vya kulishia vimeua chiriku wa kijani wa huko kwa wingi mno. Kila wiki sugua kwa sabuni, kisha paka jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, acha dakika 10, suuza, anika juani mpaka pakauke kabisa.

Ukimwona ndege amefura manyoya mchana wa jua, mdomo umelowa na hakimbii ukimsogelea, huyo ni mgonjwa. Ondoa chakula na maji siku hiyohiyo ili wenzake watawanyike. Baada ya wiki mbili rudisha chakula na maji, lakini nguzo isimamishe hatua kumi kutoka pale pa zamani, kwa kuwa udongo wa chini yake umejaa kinyesi.