Helmeti Yenye Bluetooth: Kagua Povu Kabla ya Spika

Kila tunapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, dawati letu la elimu kwa umma hupokea maswali mengi zaidi ya pikipiki kuliko ya chombo kingine chochote. Safari hii swali moja limejirudia hadi tumeona heri tulijibu kwa maandishi: "Afande, helmeti ya Bluetooth inaruhusiwa?" Anayeuliza mara nyingi ameshainunua, na anachotaka kujua ni kama atakamatwa.

Tulimalize hilo kwanza. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, kinamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti. Kuwa na spika ndani ya helmeti si kosa chini ya kifungu hicho. Ila swali lenyewe limeanzia mkiani. La kwanza lingekuwa hili: kofia hii ikivuliwa spika zake, bado itanilinda?

Hivi karibuni, kwenye mafunzo tuliyofanya kijiweni, kijana mmoja alinipa helmeti yake niione. Alikuwa ameifunga spika mwenyewe na kazi ilikuwa safi kwa macho: nyaya zimepita chini ya kitambaa, kitufe kimekaa pembeni ya shavu. Nikafungua kitambaa cha ndani. Lile povu jeupe gumu lilikuwa limechongwa kwa kisu cha moto pande zote mbili, usawa wa masikio, mashimo mapana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Nilipoingiza kidole, kiligusa ganda la nje moja kwa moja. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa amefunga mkanda wake vizuri, leseni anayo, kizibao cha kuakisi mwanga anacho. Hakuwahi kuambiwa kazi ya lile povu, akadhani ni la kujaza nafasi tu.

Povu ndilo helmeti yenyewe. Ganda la nje husambaza nguvu ya pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Kinachopunguza mshtuko unaofika kwenye ubongo ni povu, kwa kubonyea. Likibonyea, kichwa hupata sehemu ndogo ya sekunde zaidi ya kusimama, na hiyo sehemu ndogo ndiyo tofauti ya mtu kuamka na kuuliza pikipiki iko wapi, au kutoamka. Povu likishabonyea halirudi. Likichongwa usawa wa panja, ambako mfupa wa fuvu ni mwembamba, umejiondolea kinga mahali unapoihitaji sana.

Katika kipimo cha Umoja wa Mataifa kinachojulikana kama ECE 22, helmeti huvishwa kichwa cha bandia na kugongeshwa kwenye chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa hivi. Hapa huwa nakatizwa: "Mbona mimi natembea themanini?" Naomba tuelewane. Hiyo kilomita 27 ni kasi ya kichwa kinapoipiga lami, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3. Mtu anayerushwa kutoka kwenye pikipiki huteleza mbele kwa mwendo aliokuwa nao, lakini kichwa huanguka chini kutoka kimo cha mtu aliyeketi. Kwa hiyo hoja kwamba "helmeti haisaidii ukiwa kasi" haina msingi, na inatugharimu watu. Mapitio makubwa ya tafiti za kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata ile kauli kwamba inavunja shingo, tunaisikia kila kijiwe, na kila kijiwe hatuonyeshwi ushahidi wake.

Sasa dukani. Usianze na kibandiko cha nyuma. Alama ya DOT ni ya Marekani, na kwa utaratibu wao mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Serikali yao hupima baadaye kwa kuchukua bidhaa sokoni. Kwa hiyo kibandiko chenye herufi hizo tatu kinaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Alama ya ECE hukaa kwenye lebo, mara nyingi iliyoshonewa kwenye mkanda wa kidevu. Ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania. Kinachofuata ni namba ya idhini, ambayo huanza na 05 au 06 kulingana na toleo la kanuni. Toleo la 06, lililoanza mwaka 2021, limeongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa.

Baada ya namba hiyo kuna herufi ambazo wanunuzi huziruka. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda. J ni helmeti ya uso wazi. NP ndiyo ya kuangalia kwa makini: kidevu kina ganda linaloonekana kama kinga, lakini halikukidhi kipimo cha kulinda. Helmeti nyingi za kufunuka uso huvutia kwa sababu unaweza kuzungumza na abiria bila kuivua. Soma herufi kabla hujatoa hela.

Kwa zenye Bluetooth, chagua ile ambayo kiwanda chenyewe kimetengeneza vishimo vya masikio kwenye povu, kwa sababu imepimwa ikiwa na vishimo hivyo. Toleo la 06 limeweka pia utaratibu wa vifaa vya nyongeza: helmeti inaweza kuidhinishwa pamoja na kifaa chake maalumu, SA, au kwa vifaa vya aina yoyote vinavyokubalika, UA. Kama helmeti yako haina vishimo, spika nyembamba zinaweza kukaa kati ya kitambaa na povu bila kukata chochote. Zikikubana masikio, ziache. Usilete kisu. Na gundi pia si rafiki wa povu: petroli, tina na baadhi ya gundi huliyeyusha polepole bila wewe kuona.

Bei nayo inasema. Ukikuta helmeti nzima yenye Bluetooth kwa bei ile ile ya kifaa cha Bluetooth peke yake, jiulize kofia umepewa kwa shilingi ngapi. Ushauri wetu kwa mwenye bajeti ndogo ni kununua helmeti nzuri leo, spika zisubiri. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti hata ukija na malalamiko ya haki hatuna pa kuanzia, na Shirika la Viwango, TBS, nao watakuuliza hiyo hiyo. Suala la idhini ya kifaa kisichotumia waya ni la Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na wajibu huo ni wa anayeingiza bidhaa sokoni, mnunuzi usiogope.

Ivae dukani, usiipime kwa macho. Ibane mashavu bila kuuma paji la uso. Funga mkanda, viingie vidole viwili tu. Kisha mwambie muuzaji aishike kisogoni na kuivuta kwenda mbele. Ikitoka kichwani mkanda ukiwa umefungwa, hiyo siyo yako, hata ikiwa na spika nne.

Kuhusu sauti yenyewe, tahadhari yetu ni moja. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele ya upepo ndani ya helmeti huweza kuvuka desibeli 90. Ukitaka kusikia wimbo, lazima uupandishe juu ya hapo. Kwa viwango vya afya kazini, sikio huhimili desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Chalinze na kurudi ameshaupita muda huo. Maelekezo ya ramani yanatosha kwa sauti ndogo. Zile eafoni za kuziba sikio kabisa, zenye kufuta kelele za nje, msizitumie barabarani: honi ya lori na king'ora cha gari la wagonjwa navyo huweza kufifishwa. Na ile tabia ya kuchomeka simu kati ya helmeti na shavu tunaiona kila siku. Inasukuma helmeti upande, inalegeza mto wa shavu, na ukianguka una kioo na betri vimebanwa usoni. Kwa mtu ambaye lazima apokee simu za wateja, Bluetooth iliyofungwa sawasawa ni nafuu kubwa kuliko hiyo. Hapo tunaiunga mkono.

Sasa faini, maana simu nyingi ni za hapa. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22, faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Askari huingiza kosa kwenye mashine na kukupa karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Hulipi kwa askari. Unalipa kwa namba hiyo, kwa simu au benki, ndani ya siku 7. Zikipita, inaongezeka asilimia 25, yaani 10,000 inakuwa 12,500. Usipokubaliana na kosa, una haki ya kukataa kulipa papo hapo na kupelekwa mahakamani. Kukaa kimya siyo kukata rufaa. Deni husomeka kwa namba ya usajili wa pikipiki kwenye TMS, mfumo wa polisi wa faini za barabarani, na hapa ndipo wenye pikipiki za mkataba hugombana: dereva amemaliza mkataba au amehama kijiwe, mwenye pikipiki anakuta madeni yasiyo yake. Kagua mfumo kila mwisho wa wiki, siku ile ile ya kupokea hesabu. Inachukua dakika 2.

Abiria naye ana kichwa. Helmeti yake isiwe ile iliyoning'inizwa kwenye kioo cha pembeni miezi sita. Ncha ya kioo hutoboa povu taratibu kwa ndani, na mtikisiko wa barabara hulimaliza. Dada zetu wenye nywele zilizosukwa wanaokataa kwa sababu ya jasho la waliotangulia wana hoja. Beba vitambaa safi vya kuvaa ndani.

Helmeti iliyokwisha kugonga lami pamoja na kichwa imemaliza kazi yake, hata kama rangi haijachubuka. Toa spika na betri, vitumie kwenye nyingine. Kisha kata mkanda wa kidevu kwa mkasi kabla ya kuitupa, kwa sababu ikiokotwa jalalani ikiwa nzima, itafutwa vumbi na kuuzwa tena.