Ujifunzaji unaoongozwa na mtoto katika elimu ya awali

Ujifunzaji unaoongozwa na mtoto ni utaratibu wa elimu ya awali ambapo mtoto mwenyewe huchagua kazi miongoni mwa zile alizoandaliwa, huifanya kwa kasi yake, na huiacha atakaporidhika, tofauti na darasa ambalo watoto wote hufuata somo moja kwa wakati mmoja. Wapo wanaodhani kwamba mtoto huachiwa afanye apendavyo. Sivyo hata kidogo.

Mfano ulio wazi ni shule aliyoifungua Maria Montessori, daktari wa Italia, mwaka 1907 katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, Roma. Mwanzoni zana zilifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyezigawa. Siku moja mwalimu alisahau kulifunga kabati, na alipofika amechelewa akakuta watoto wameshajichagulia zana na wanaendelea na kazi. Baada ya hapo zana zikawekwa kwenye rafu fupi zilizo wazi, zinazofikiwa na mkono wa mtoto wa miaka 3.

Zana zenyewe humsahihisha mtoto. Mojawapo ni ubao mnene wenye matundu 10 na vipande 10 vya mviringo vyenye vishikizo, kila kimoja kikienea barabara katika tundu lake tu. Mtoto akikitia kipande chembamba katika tundu pana, mwishoni hubakiwa na kipande kisicho na pa kuingia, naye hulazimika kurudi kutafuta alipokosea bila mtu mzima kusema neno. Montessori alimwona binti wa miaka 3 hivi akiirudia kazi hii zaidi ya mara 40, asishtuke hata wenzake walipoimba kando yake.

Mwalimu naye ana kazi nyingi. Huandaa chumba mapema, humwonyesha kila mtoto namna ya kutumia zana kwa maneno machache, humzuia anayewasumbua wenzake, kisha hukaa pembeni akiangalia na kuandika nani amerudia nini na nani yuko tayari kwa hatua inayofuata. Kwa maoni yangu, huko kuangalia ndiko kugumu kuliko yote, kwani mwalimu hutakiwa kujizuia anapomwona mtoto akihangaika na kifungo cha shati ambacho yeye angekifunga mara moja. Msaada hutolewa mtoto anapouomba, au anapoelekea kukata tamaa.