Homa haijui cheo

Mimi ni muuguzi huku Likoni, Mombasa, si mbali na kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Haya ndiyo wanajeshi na wake zao huniuliza.

Mwanajeshi akiugua huanzia wapi?
Zahanati ya kambi yake. Hapo hupimwa, hupewa dawa, na huamuliwa kama arudi kazini, apumzike au apelekwe mbele. Yanayoishinda zahanati huenda hospitali kubwa zaidi ya jeshi, hadi ile ya rufaa iliyoko Nairobi. Vitani ngazi ni zile zile, ila wa kwanza kukushika ni mwenzako: hukufunga jeraha damu isitoke hadi mganga wa kikosi afike.

Nimerudi kutoka Somalia wiki 2 zilizopita, na sasa nina homa. Ni uchovu?
Si uchovu mpaka kipimo kiseme. Malaria ya aina iliyo hatari zaidi hujitokeza kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na ukiwa ulimeza dawa za kinga yaweza kukawia zaidi. Nenda zahanati leo, na uwaambie ulikotoka.

Nikijiandikisha mgonjwa nitakosa kozi ya mafunzo. Si ninunue tu dawa dukani?
La. Nasema tena, la! Nyinyi ndio mnaoletwa kwangu usiku, siku ya nne ya homa, hamjui hata jina la mama zenu. Kozi hurudi mwaka mwingine. Daktari wa kambi akikupa siku 2 za mapumziko hajakuharibia kazi, amekulindia.

Nilimeza AL, zile dawa za malaria, mara 2, nikapata nafuu, nikaacha.
Nafuu si kupona, kaka. AL ni dozi 6 kwa siku 3, umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Na vidonge vilivyobaki usimwekee mtoto; dozi yake hufuata uzito wake. Kwani hiyo ni sukari?

Mume wangu ni sajini, hataki kabisa kwenda. Nifanyeje?
Dada, homa haipigi saluti. Mwambie rafiki yake wa kikosini amshike mkono ampeleke. Lakini akitapika kila anachomeza, akipumua kwa shida, mkojo ukiwa mweusi, akipata degedege au akianza kusema yasiyoeleweka, usimwombe ruhusa. Ita gari, saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Huyo sasa anahitaji sindano za hospitali, si vidonge.